MBUZI NA KONDOO KATIKA PALIZI YA MASHAMBA YA MIKOROSHO NA MINAZI

Kila mwaka, ununuzi wa korosho ukisha na mvua zikakolea, makatibu wa vyama vya msingi hupokea ombi la namna moja kutoka kwa wanachama, nalo ni ombi la mkopo wa palizi. Mwenye nguvu hupalilia mwenyewe, na mwenye fedha huweka vibarua. Lakini mjane, mzee, na yule ambaye watoto wake wote wamehamia mjini, hawana nguvu wala fedha. Shamba lao huachwa mwaka wa kwanza kwa nia ya kulirudia mwaka wa pili. Mwaka wa pili nyasi zimekwisha kuwa vichaka, na gharama ya kufyeka imezidi thamani ya korosho zitakazookotwa. Mwaka wa tatu hupita moto, na mikorosho iliyopandwa na wazazi huishia kuwa kuni na mkaa.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kupunguza mzigo huo, yaani kutumia mbuzi na kondoo kula magugu na vichaka mashambani. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba njia hii si dawa ya kila shamba. Mbuzi aliyeingizwa kwa wakati wake, mahali pake na kwa idadi yake ni msaidizi mkubwa wa mkulima. Mbuzi yule yule akiachwa ovyo atakula miche ya mikorosho, muhogo wa jirani na amani ya kijiji. Tofauti ya mambo hayo mawili inatokana na utaratibu, na kuweka utaratibu ni kazi ya ushirika.

Jinsi mashamba yalivyogeuka pori

Wazee wa Mtwara wanaikumbuka vema habari hii. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna yapata tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 mavuno yalishuka hadi kiasi cha tani 16,500. Sababu hazikuwa moja. Watu wengi walihamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, wakawa mbali na mashamba yao ya zamani. Bei ya mkulima haikutia moyo. Ugonjwa wa ubwiri unga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, ukakausha maua. Vyama vikuu vya ushirika navyo vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Katika sababu hizo zote, pori lilikuwa tokeo na pia chanzo cha hasara mpya. Shamba lililoachwa huota vichaka. Vichaka huzuia hewa kupita chini ya matawi, hunyang'anya mti maji na chakula, huficha korosho zilizoanguka, na hulea nyoka. Zaidi ya yote, huchukua moto. Mkorosho una magome yasiyostahimili moto mkali, na moto mmoja wa mwezi wa Septemba huweza kumaliza kazi ya miaka ishirini.

Zao hili lilifufuka baadaye kwa juhudi za wakulima, kwa kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele, na kwa matumizi ya unga wa salfa. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Hata hivyo mashamba-pori hayakwisha. Mkaguzi anayepita kutoka Mtwara mjini kuelekea Madimba, Msimbati na Mahurunga bado huona shamba safi limepakana na shamba lililozama katika majani. Mwenye shamba safi hana usalama, kwa kuwa moto hauheshimu mpaka.

Namna mbuzi na kondoo wanavyofanya kazi

Watu wengi husema mbuzi na kondoo kwa pumzi moja, kana kwamba ni mnyama mmoja. Katika kazi hii ni wafanyakazi wawili wenye ufundi tofauti.

Mbuzi hupenda majani ya vichaka kuliko nyasi. Husimama kwa miguu ya nyuma akafikia majani yaliyo juu kuliko kimo chake. Midomo yake myepesi huchagua majani katikati ya miiba, kwa hiyo hata mkulagembe, ambao jina lake lenyewe laonyesha uadui wake na jembe, hauwi mgumu kwake. Mbuzi anafaa kwa shamba lililoachwa miaka miwili au mitatu.

Kondoo huinamisha kichwa. Hula nyasi fupi na majani laini yaliyo karibu na ardhi, kama kongwa, na hukata kwa usawa kuliko mbuzi. Anafaa kwa shamba ambalo vichaka vyake vimekwisha kuondolewa na sasa linahitaji kutunzwa lisirudi nyuma. Aghalabu hapandi juu ya matawi wala hagugunyi magome kama mbuzi. Kwa hiyo utaratibu mzuri ni kutanguliza mbuzi, kisha kondoo.

Ni muhimu wanachama waelewe sababu ya kazi hii kufaulu. Kichaka huweka akiba ya chakula katika mizizi yake. Kikifyekwa mara moja kwa panga, hutumia akiba hiyo kuchipua upya, na baada ya miezi michache kimerudi kama kilivyokuwa. Mbuzi akiyala machipukizi hayo, mzizi hulazimika kutoa akiba tena. Yakiliwa mara ya tatu na ya nne kabla hayajakomaa, mzizi huishiwa nguvu, na vichaka vingi hufa. Kwa sababu hiyo mbuzi mmoja anayerudishwa mara kwa mara hufanya zaidi kuliko mbuzi kumi waliopitishwa mara moja na kusahauliwa.

Hapa pana jambo la kuangalia. Mbuzi hawezi kuangusha shina lililokwisha kuwa gumu. Vichaka vilivyopita kimo cha mtu na vyenye mashina manene hukatwa kwanza kwa panga na shoka, kisha mbuzi huachiwa machipukizi. Vilevile mbuzi hawezi kuondoa ndago, ambayo chakula chake kimefichwa ardhini. Kwa ndago jembe bado ndilo dawa.

Wazo hili si geni duniani. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ng'ombe walitumika kula majani yaliyoota kati ya mistari. Nchini Malaysia kondoo hulishwa chini ya mipira na michikichi. Huko California, Marekani, makundi ya mbuzi hukodishwa ili kula vichaka vilivyo karibu na nyumba kabla ya majira ya moto. Sisi tulio kando ya Ghuba ya Mnazi tunao mbuzi wetu wa kienyeji, wadogo wa umbo na wavumilivu, wanaoifaa kazi hii kuliko mbuzi wa maziwa wa kigeni.

Kalenda ya kazi

Kosa kubwa linalofanywa ni kuingiza mbuzi shambani wakati wowote. Mkorosho hutoa maua na matunda pembezoni mwa matawi, hata yale yanayogusa ardhi, na huko ndiko mbuzi afikako. Kwa hiyo mwaka ugawanywe kama ifuatavyo.

Kuanzia mwisho wa mavuno, yaani Januari au Februari, hadi mwanzo wa Mei: huu ndio wakati wa mbuzi na kondoo katika mashamba ya mikorosho iliyokomaa. Korosho zimekwisha kuokotwa, maua hayajatoka, na mvua zinachipusha magugu laini. Lakini wakati huo huo ndipo wakulima wengi wana mahindi, kunde, mbaazi na muhogo kati ya mikorosho. Shamba lenye mazao hayo lisiingizwe mnyama hata mmoja. Mbuzi apelekwe katika mashamba-pori na yale yasiyochanganywa mazao.

Kuanzia Mei hadi Agosti: mikorosho hutoa majani mapya na maua, na salfa hupulizwa. Wanyama waondolewe kabisa. Salfa nyingi tumboni mwa mnyama acheuaye huweza kumletea maradhi ya ubongo, na shada la maua lililoliwa ni korosho zilizopotea. Katika miezi hii wanyama wahamishiwe chini ya minazi mirefu, kando ya njia, katika viwanja, na juu ya barabara za kuzuia moto zinazozunguka mashamba. Kazi ya barabara za moto ifanyike mapema kabla nyasi hazijakauka, kwa kuwa nyasi kavu mbuzi huzipita.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa mavuno: palizi ya kusafisha chini ya miti ili korosho zionekane ifanywe kwa jembe na fyekeo. Wanyama wasiingie. Mabibo yanawavutia sana, nao huyala na kutawanya korosho, tena huleta ugomvi kuhusu nani kaokota nini.

Mwanachama ataona kwamba mbuzi hawaondoi palizi zote. Wanaondoa ile ya kwanza, iliyo nzito kuliko zote na inayowashinda wasio na nguvu. Palizi ya pili katika shamba lililokwisha kuliwa vizuri huwa nyepesi.

Hesabu ya wanyama na eneo

Mbuzi wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 25 hadi 30 hula majani mabichi kadiri ya kilo 3 hadi 4 kwa siku. Tuchukue mfano. Tuseme ekari moja ya shamba-pori ina majani yanayolika kiasi cha kilo 2,000. Mbuzi 20 wakila kilo 4 kila mmoja, watakula kilo 80 kwa siku. Kilo 2,000 ukigawa kwa 80 ni siku 25. Hiyo ndiyo kazi ya ekari moja kwa kundi hilo. Mwanachama mwenye mbuzi wawili asitazamie kusafisha ekari moja kwa mwezi, kwani kwa hesabu hiyo hiyo angehitaji siku 250, na magugu yangemshinda kwa kuota nyuma yake.

Hapo ndipo faida ya kuunganisha nguvu inapoonekana. Watu kumi wenye mbuzi wawili wawili, kila mmoja kwake, hawasafishi kitu. Watu hao kumi wakiweka mbuzi wao 20 pamoja na kuwapitisha shamba hadi shamba, wana kundi la kazi.

Ekari isiachiwe wanyama yote kwa mpigo. Wakiachiwa eneo kubwa, watachagua majani matamu na kuacha mabaya yastawi. Igawanywe katika sehemu nne. Kwa mfano wetu, kila robo ekari itachukua siku 6 hivi. Majani yakiisha, wanyama wahamie robo ya pili. Machipukizi yakifika kimo cha goti katika robo ya kwanza, warudishwe. Wasikae hata udongo ukabaki mtupu, kwani udongo wetu wa mchanga hubebwa upesi na mvua.

Kamba, mchungaji na uzio

Kuna msemo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Katika hesabu za ushirika msemo huo umetuletea aibu nyingi, lakini shambani ni kanuni ya kufuatwa.

Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ambayo ni yapata miti 28 kwa ekari, huacha uwanja katikati ya kila miti minne. Kigingi kikipigwa katikati kabisa ya uwanja huo, kila shina liko umbali wa mita 8 na nusu. Kamba ya mita 4, pamoja na urefu wa mbuzi mwenyewe, humfikisha mita 5 hivi. Atasafisha duara la mita za mraba zipatazo 78 bila kugusa shina. Kigingi kihamishwe kila siku. Mbuzi aliyefungwa apate maji na kivuli, na visiki vinavyoweza kunasa kamba viondolewe, kwa kuwa wengi wamejinyonga kwa namna hiyo.

Kwa kundi, kamba haitoshi. Panahitajika mchungaji mtu mzima mwenye kujua mipaka, au uzio wa matawi ya miiba unaohamishwa kila baada ya robo ekari. Mtoto wa shule asifanywe mchungaji. Mbali na kwamba nafasi yake ni darasani, mtoto hawezi kubishana na mbuzi 20 walioona muhogo.

Shamba la mikorosho michanga lisiingizwe mbuzi hata kwa kamba mpaka miti ipite miaka mitatu na vichwa vyake viwe juu ya kimo cha mbuzi aliyesimama. Kwa minazi michanga, mpaka makuti yake yawe juu ya kimo hicho hicho.

Mimea na mahali pa hatari

Si kila jani la kijani ni chakula. Majani mabichi ya muhogo mchungu yana sumu inayoweza kuua mbuzi kwa muda mfupi, hasa mwenye njaa. Lantana, kichaka chenye maua ya rangi nyingi, hudhuru kondoo zaidi kuliko mbuzi. Ing'olewe kwa mkono. Mbegu za mbarika ni sumu. Upupu ufyekwe kabla haujakausha maganda yake, kwa usalama wa mchungaji pia. Kanuni nyepesi ni hii: asubuhi mnyama asipelekwe na njaa kali mahali papya, kwani mwenye njaa hachagui.

Mbegu nazo ziangaliwe. Mbuzi hula maganda ya mkulagembe kwa hamu, na mbegu nyingi hutoka katika mavi zikiwa nzima na tayari kuota. Kundi lililolishwa mahali penye magugu yaliyokomaa mbegu lizuiliwe bandani siku 3 au 4 kabla ya kuingia shamba safi. Mavi ya siku hizo yarundikwe na kuozeshwa, kisha yatumike kama mbolea ya mikorosho.

Wanachama wa vijiji vya pwani wana wajibu mwingine. Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ndani yake imo mikoko, ambayo ni mazalio ya samaki na kamba, na ukuta wa asili dhidi ya mawimbi. Mbuzi hula majani ya mchu, na machipukizi ya mikoko yakiliwa msitu haurudi. Vilevile mimea itambaayo juu ya matuta ya mchanga ndiyo inayoshika mchanga huo usihame. Kwa hiyo mikokoni na kwenye matuta ya pwani mbuzi wasipelekwe kabisa. Historia ya visiwa vingi duniani ni funzo. Katika visiwa vya Galápagos mbuzi walioachwa huru waliharibu uoto kiasi kwamba ilibidi waondolewe kwa maelfu mengi.

Bonde la Ruvuma lenye maji yaliyotuama nalo si malisho mazuri wakati wa mvua, kwa ajili ya minyoo na kwa ajili ya mpunga.

Afya ya wanyama

Wilaya zetu zina vichaka, na penye vichaka huenda pakawa na mbung'o wanaoeneza nagana. Mnyama anayekonda huku akila, mwenye homa za mara kwa mara na ufizi mweupe, aonyeshwe kwa Afisa Mifugo. Ufizi mweupe ni dalili pia ya minyoo ya tumbo, adui mkubwa wa mbuzi na kondoo wakati wa mvua. Wanyama wasitolewe kabla umande haujakauka, na dawa ya minyoo itolewe kwa ushauri wa mtaalamu, kwa kipimo cha uzito. Dawa ikitolewa nusu nusu hufundisha minyoo kuishi nayo. Banda la usiku liwe na sakafu ya fito iliyoinuliwa, ili mavi na mkojo vidondoke chini.

Lakini ugonjwa wa kutahadhari nao zaidi ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ulithibitishwa nchini mwaka 2008 katika mikoa ya kaskazini. Haukupita muda mrefu ukafika Newala na Tandahimba, na kuingia kwake kulihusishwa na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mnyama huwa na homa, machozi, makamasi, vidonda kinywani na kuharisha, na wengi hufa kwa siku chache. Funzo la tukio hilo ni zito kwa chama chochote kinachotaka kununua mbuzi wa kazi. Kundi la bei nafuu kutoka mbali laweza kumaliza mbuzi wa kijiji kizima.

Basi yazingatiwe haya. Wanyama wanunuliwe karibu, kwa watu wanaojulikana. Kila mnyama aje na kibali cha kusafirisha mifugo. Wageni wote watengwe kwa wiki 3 kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Chanjo ya sotoka itolewe kwa wote. Ni ya bei ndogo, na kinga yake hudumu kwa miaka isiyopungua mitatu. Sisi tulio mpakani tusivushe mbuzi kupita Mto Ruvuma kwa njia za panya.

Kazi ya chama: mkataba, daftari na fedha

Njia ziko tatu. Ya kwanza, mwanachama kutumia mbuzi wake katika shamba lake. Hapo chama hutoa elimu tu. Ya pili, wanachama kuunganisha mbuzi wao katika kundi moja, kila mmoja akibaki mwenye mali yake. Ya tatu, chama kununua kundi kuwa mali ya chama na kutoa huduma kwa ada. Chama kinachoanza kinashauriwa kuanzia njia ya pili, kwa sababu haihitaji fedha nyingi na kila mwenye mbuzi hubaki na jicho juu ya mali yake.

Kwa njia yoyote, mapatano yaandikwe. Yaonyeshe ukubwa wa shamba na mipaka yake, tarehe ya kuingia na kutoka, idadi ya wanyama, nani anamlipa au kumlisha mchungaji, na nani anabeba hasara mnyama akifa au akila mazao ya mtu. Uharibifu ukitokea, tathmini ifanywe na mtaalamu wa kilimo mbele ya pande zote mbili siku hiyo hiyo, wala isingojwe hata majani yamechipua na kila mtu anakumbuka lake. Ugomvi kati ya wakulima na wafugaji umeleta maafa katika sehemu nyingi za nchi yetu, na mara nyingi ulianza na shamba dogo la mtu mmoja ambaye hakusikilizwa.

Daftari la wanyama liwe na safu hizi: namba ya hereni, jinsi, rangi, jina la mwenye mnyama, tarehe ya kuingia, chanjo na dawa, kuzaa, kuuzwa, na kufa. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, kwa hiyo kundi lenye majike huongezeka, na swali la nani mwenye vitoto lijibiwe kabla havijazaliwa. Katika ukaguzi, neno "alikufa" peke yake halikubaliki. Pawe na hereni ya mnyama huyo, maelezo ya Afisa Mifugo inapowezekana, na saini za wajumbe wawili wa Bodi walioshuhudia. Daftari ambalo vifo vyake huongezeka kila ikaribiapo sikukuu litaleta maswali.

Kuhusu fedha, hapana budi kusema wazi. Malipo ya korosho yanayopitia katika akaunti ya chama ni fedha ya mkulima, wala si mtaji wa kununulia mbuzi. Chama kinachotaka kununua kundi kiliingize jambo hilo katika makisio ya mapato na matumizi, kilipeleke mbele ya Mkutano Mkuu, na kama ni kwa mkopo, kiwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kuidhinishwa na Mrajis. Wazo jema lisiloidhinishwa na wanachama hugeuka hoja ya ukaguzi.

Mapato yapo kwa anayengoja. Nyama ya mbuzi na ya kondoo hukubalika kwa Waislamu na Wakristo, na bei hupanda wakati wa Idi na Krismasi na katika miezi ya harusi. Madume ya ziada yauzwe wakati huo, hesabu isomwe mbele ya wanachama, na sehemu iwekwe kwa ajili ya dawa na chanjo.

Hatua za kuanzia

Ndugu Katibu anaombwa kuanza na jambo dogo. Kabla ya Mkutano Mkuu ujao aorodheshe mashamba-pori yaliyo katika eneo la chama, ekari zake na wenyewe; kwanza ya wajane, wazee na wagonjwa. Kisha aorodheshe wanachama wenye mbuzi na kondoo, na idadi yao. Orodha hizo mbili zikiwekwa meza moja, mkutano utaona wenyewe kama upo uwezo wa kujaribu ekari mbili au tatu kwa msimu mmoja, chini ya uangalizi wa Afisa Mifugo na Afisa Ushirika. Jaribio lipimwe kwa siku zilizotumika, fedha zilizookolewa na hasara iliyotokea, na matokeo yasomwe hadharani, yawe mema au mabaya.

Shamba la mzee likisafishwa, mzee amepata korosho, jirani amepata usalama wa moto, na chama kimepata kilo ambazo zingebaki porini. Hayo yakipatikana kwa ekari tatu za mwanzo, wanachama wenyewe ndio watakaodai ekari ya nne.